Kurudi Kusomea Udaktari Baada ya Kufeli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa aliyepokea barua ya kuondolewa masomoni, aliyeambiwa arudie mwaka, na aliyekaa nje kwa muda na sasa anataka kurudi. Kila chuo kina kanuni zake, kwa hiyo kitabu cha kanuni za mitihani cha chuo chako ndicho chenye neno la mwisho. Lakini sababu zinazowaangusha wanafunzi wa udaktari, na zinazowafanya waliorudi wabaki au waondoke tena, zinafanana sana popote fani hii inapofundishwa.

Nimedisko, yaani nimeondolewa masomoni kwa kufeli. Kweli kuna waliodisko wakarudi wakamaliza?

Wapo. Wengine leo wanaongoza raundi wodini, wengine wamebobea kwenye upasuaji au magonjwa ya watoto. Wapo pia waliorudishwa wakaondoka mara ya pili kwa sababu zilezile. Aliyerudi akabaki, mara nyingi alikuwa anajua kwa hakika kilichomwangusha na alikuwa ameshakibadilisha kabla ya kukanyaga tena darasani. Aliyeondoka tena alirudi na ahadi ya kuongeza bidii.

Naisema hii mapema kwa sababu "safari hii nitaongeza bidii" ndiyo sentensi inayonitia hofu kuliko zote. Bidii hukuikosa. Hakuna anayepata nafasi ya udaktari kwa uvivu. Ulizoea masomo ambayo mada ukiisoma mara tatu inakaa, kisha ukakutana na anatomia, fiziolojia na baiokemia kwa mkupuo mmoja, kila moja ikiwa na kurasa nyingi kuliko ulizowahi kusoma kwa mwaka mzima. Ukiongeza saa kwa njia ileile, unaongeza uchovu tu na alama zinabaki palepale.

Barua yangu ina maneno mengi ya kiofisi. Nitajuaje niko kwenye hali gani?

Tafuta kitenzi kimoja: umeambiwa ufanye nini? Kufanya sapu maana yake bado uko ndani, unarudia mtihani tu. Kurudia mwaka maana yake unasoma upya masomo uliyofeli, au mwaka wote, huku usajili wako ukiendelea. Kuahirisha masomo ni kutoka kwa ruhusa na tarehe ya kurudi. Kuondolewa ni kukatwa usajili. Hapa angalia kwa makini kama barua inataja haki ya kukata rufaa, kama inasema baada ya muda gani unaweza kuomba upya, au kama imefunga mlango wa programu hiyo moja kwa moja.

Usitegemee tafsiri ya rafiki, hata aliyepitia hayohayo mwaka jana. Kanuni hubadilika, na neno moja tu linaweza kutofautisha kesi yako na yake.

Nimeipata barua leo. Nianze na nini?

Tarehe ya mwisho ya rufaa. Muda huo huwa mfupi, na siku za kulia na kujificha huhesabiwa humohumo. Iandike mahali utakapoiona. Kisha omba kwa maandishi matokeo yako yote kwa mchanganuo: alama za mazoezi, za majaribio ya katikati ya muhula, za vitendo na za mtihani wa mwisho. Kama kanuni zinaruhusu kuona karatasi zako zilizosahihishwa, omba hilo pia.

Usiandike chochote kwa mkuu wa chuo usiku huo. Barua iliyoandikwa kwa hasira huingia kwenye faili na kubaki humo.

Rufaa na ombi la kurejeshwa ni kitu kimoja?

Hapana, na wengi wanapoteza nafasi kwa kuvichanganya. Rufaa inasema uamuzi ulikosewa: alama zilijumlishwa vibaya, utaratibu haukufuatwa, au kulikuwa na tatizo zito ambalo bodi ya mitihani haikulijua ilipokaa. Ombi la kurejeshwa linakubali kwamba uamuzi ulikuwa halali, kisha linaeleza kilichobadilika. Ukipeleka kwenye rufaa maneno ya "nimejifunza, naomba nafasi nyingine", wanaosoma hawana cha kuamua. Ukipeleka kwenye ombi la kurejeshwa lawama dhidi ya mhadhiri, wataona bado hujawa tayari.

Nitajuaje kwa nini nilifeli? Mimi naona nilisoma sana.

Usikimbie swali hili. Likipewa wiki mbili za uaminifu, mengine yote yanakuwa mepesi.

Anza na karatasi zako, na usipozipata, tumia mitihani ya miaka ya nyuma uifanye upya kwa saa kamili bila kufungua kitu. Kwa kila swali ulilokosa, jiulize limekosewa kwa namna gani. Kuna ambalo mada yake hukuwahi kuifikia. Kuna ambalo uliisoma na ikatoka kichwani. Kuna ambalo ulikijua kitu chenyewe lakini hukuweza kukitumia kilipogeuzwa kuwa mgonjwa. Na kuna ambalo ulilisoma haraka, au muda ulikwisha ukabahatisha. Hesabu kila fungu. Lenye makosa mengi zaidi ndilo linalokuambia ubadilishe nini.

Chukua mfano. Swali linakupa mama mwenye moyo ulioshindwa kazi, anatumia furosemaidi (dawa ya kuongeza mkojo), sasa misuli yake imelegea na potasiamu imeshuka. Aliyekariri orodha ya madhara ya dawa atapata swali la moja kwa moja, lakini likigeuzwa na kuuliza ni sehemu gani ya figo inayopoteza potasiamu hiyo na kwa nini, anakwama. Aliyeelewa anapita: dawa inazuia kubebwa kwa sodiamu, potasiamu na kloridi kwenye mkono mnene unaopanda wa kitanzi cha Henle, sodiamu nyingi inafika mbele kwenye mirija, huko inafyonzwa na potasiamu inatolewa, na aldosteroni inayopanda kwa kupungua kwa maji mwilini inazidisha hali. Wanafunzi hawa wawili wanaweza kuwa walisoma saa sawa. Wa kwanza akiambiwa asome zaidi, atakariri orodha ndefu zaidi.

Kisha toka nje ya karatasi. Ulikuwa unalala saa ngapi? Ulikuwa na kazi ya usiku ili ulipe ada? Nyumbani kulikuwa na mgonjwa anayekutegemea? Uliacha kwenda darasani kuanzia lini, na nini kilitokea wiki hiyo? Mara nyingi kuna wiki moja inayoweza kutajwa ambapo mambo yaligeuka. Itafute.

Nilikuwa mgonjwa, au nilikuwa na sonona, lakini sikumwambia mtu. Nitaje sasa?

Taja, ukiwa na uthibitisho wa matibabu. Na kama hujatibiwa, anza na tiba kabla ya barua yoyote. Mwaka 2016 jarida la tiba la JAMA lilichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti za nchi nyingi duniani: asilimia 27.2 ya wanafunzi wa udaktari walikuwa na sonona au dalili zake, na asilimia 11.1 walikuwa na mawazo ya kujiua. Kati ya walioonekana kuwa na sonona, ni asilimia 15.7 tu waliotafuta tiba. Kwa hiyo huko peke yako, na kukaa kimya kwako ndiko walikofanya wengi.

Kama wazo la kujidhuru limewahi kukujia tangu upate matokeo, acha kusoma hapa kwanza. Mwambie mtu mmoja leo, ana kwa ana au kwa simu: ndugu, rafiki, daktari, mshauri wa wanafunzi, kiongozi wako wa dini. Nafasi ya chuo inaweza kusubiri.

Usisahau mwili pia. Upungufu wa damu, tezi ya thairoidi isiyofanya kazi vizuri, kukatika kwa pumzi usingizini, hivi vyote huiba umakini taratibu hadi mtu ajione mjinga. Vilevile wapo wanaofika chuo cha udaktari wakiwa na disleksia (ugumu wa kusoma maandishi) au tatizo la umakini ambalo halijawahi kugunduliwa, kwa sababu akili yao ilikuwa inalifunika hadi mzigo ulipozidi. Vipimo vikithibitisha, vyuo vingi vina utaratibu wa kuongeza muda wa mtihani, lakini lazima uombe kabla ya mtihani.

Kamati haitaki historia yote ya ugonjwa wako. Inataka kujua ulianza lini, uliathiri nini, unatibiwaje sasa, na daktari wako anasema uko tayari au bado.

Barua ya kuomba kurejeshwa iandikweje?

Fupi, kurasa mbili zikizidi sana, na yenye mambo yanayoweza kuthibitishwa. Wanaoisoma wamesoma barua nyingi zinazosema udaktari ni wito na ndoto ya tangu utotoni. Hawakatai kwamba ni kweli, ila haiwasaidii kuamua.

Linganisha aya hizi mbili. Ya kwanza: "Mwaka jana nilipitia changamoto nyingi ambazo sasa nimezishinda. Naahidi kusoma kwa bidii na sitawaangusha." Ya pili: "Nilifeli fiziolojia na baiokemia. Nilipopitia mitihani yangu niliona kwamba makosa mengi yalikuwa kwenye maswali yanayotaka kueleza sababu, si kutaja majina. Nilikuwa nasoma kwa kurudia noti, na nilikuwa nafanya kazi usiku siku nne kwa wiki. Tangu Januari nimeacha kazi ya usiku baada ya ndugu zangu kukubali kuchangia ada. Kila wiki ninafanya maswali ya mada mbili chini ya usimamizi wa mwalimu wangu wa zamani, ambaye barua yake nimeiambatanisha."

Aya ya pili haina hata neno moja la kuomba huruma, lakini ndiyo inayompa msomaji kitu cha kushika. Kila unalosema kuhusu jana liwe na mwenzake kuhusu leo, na kila unalosema kuhusu leo liwe na karatasi nyuma yake.

Kama mhadhiri alikutendea isivyo haki, hilo lina njia yake ya malalamiko. Lipeleke huko, tena lipeleke kweli. Usiligeuze kuwa uti wa mgongo wa ombi hili.

Kamati ikiniita, watauliza nini?

Watauliza kilichotokea, kilichobadilika, na utafanya nini hali ikianza kuharibika tena. Swali la tatu ndilo linalowakwamisha watu. Jibu zuri lina alama ya hatari na hatua yake: nikishindwa majaribio mawili mfululizo nitamwona mlezi wangu wa kitaaluma wiki hiyohiyo, na daktari wangu nitamwona kila mwezi hata nikijisikia vizuri. "Haitatokea tena" si jibu.

Fanya mazoezi kwa sauti na mtu asiyekuonea haya. Ukilia mbele yao, si kosa. Vuta pumzi, endelea.

Nikiwa nje, nifanye nini? Na nikae nje kwa muda gani?

Muda wa chini utawekwa na chuo. Juu ya hapo, nasisitiza usirudi kabla kilichokuangusha hakijabadilika, hata kama kanuni zinaruhusu. Kurejeshwa mara nyingi hutolewa mara moja tu, na kuitumia nafasi hiyo ukiwa bado mgonjwa au bado na kazi ileile ya usiku ni hasara usiyoweza kuirudisha.

Kusoma ukiwa nje kunasaidia kama kunaacha ushahidi: kozi ya sayansi yenye mtihani na cheti, au kufundisha baiolojia kwa wanafunzi wa sekondari, kazi inayokulazimisha kueleza. Kujitolea hospitalini ni jambo jema na litakukumbusha kwa nini ulianza, ila usilitegemee kama hoja kuu. Hakuna aliyetilia shaka kwamba unapenda wagonjwa. Walichotilia shaka ni fiziolojia yako.

Sasa nisomeje tofauti?

Acha kupima kusoma kwako kwa saa ulizokaa kitini au kwa kurasa ulizopaka rangi. Mwaka 2013 mwanasaikolojia John Dunlosky na wenzake walipitia mbinu kumi zinazotumiwa na wanafunzi. Kurudia kusoma na kupigia mistari viliwekwa chini kabisa kwa manufaa. Kujipima na kutawanya masomo kwa muda viliwekwa juu.

Miaka saba kabla yao, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walikuwa wamewapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja lilisoma tena, jingine lilifunga karatasi na kuandika lilichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma tena waliongoza. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 42, na waliojipima walikumbuka asilimia 56. Tena waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Ndiyo maana mtu anaingia kwenye mtihani akiwa na amani, anatoka amechanganyikiwa. Macho yalizizoea noti, yeye akadhani amezijua.

Kwa vitendo inakuwa hivi. Umesoma mtandao wa neva za mkono, kuanzia mizizi ya C5 hadi T1. Funga kitabu, chukua karatasi tupu, uchore: mizizi mitano, mashina matatu, migawanyo sita, kamba tatu, matawi makuu matano. Utakwama, labda kwenye kamba ya nyuma. Kukwama huko ndiko kusoma kwenyewe. Fungua uone ulipokosea, funga, chora tena. Kesho chora tena, baada ya siku tatu, baada ya wiki, baada ya wiki tatu. Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885, akijipima mwenyewe, kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza hupotea mapema sana, kisha upotevu unapungua kasi. Marudio yako yaanze mapema kwa sababu hiyo, halafu yaachane kidogo kidogo.

Ukishachora, jiulize maswali ya mgonjwa. Huyu amevunjika mfupa wa mkono wa juu katikati na sasa kiganja kinaning'inia, hawezi kukiinua: neva gani? Neva ya radiali, inayopita nyuma ya mfupa huo palepale. Ukizoea kuimaliza kila mada namna hii, patholojia na famakolojia zitakukuta una mahali pa kuzitundika.

Kikundi cha kusoma kinafaa kikiwa na watu watatu au wanne, na kila mmoja anaeleza bila noti. Kikigeuka mahali pa kugawana madesa (noti za kunakiliana) na kulalamikia ratiba, toka.

Na lala. Najua jinsi sifa ya kukesha ilivyo kubwa kwenye fani hii. Ubongo unaimarisha kumbukumbu usingizini, kwa hiyo anayekesha kila siku anabomoa usiku alichojenga mchana.

Wazazi nitawaambiaje?

Mapema, na wewe mwenyewe, kabla hawajasikia kwa mtu mwingine. Mzazi anayeambiwa "nimeondolewa, hii ndiyo barua, rufaa inaisha tarehe fulani, na nimeshazungumza na mshauri" huumia, lakini ana mahali pa kuanzia. Mzazi anayeendelea kutuma ada kwa mwaka mzima bila kujua ataumia mara mbili, na ya pili itachukua muda mrefu zaidi kupona. Kama baba au mama ni mkali, mtangulize shangazi, mjomba au mtu mzima mwingine wanayemheshimu. Wape siku chache za hasira. Usidai wakuelewe jioni hiyohiyo.

Je, nihamie chuo kingine?

Inawezekana, ila kwa masharti magumu. Fomu nyingi zinauliza kama umewahi kuondolewa chuo chochote, na ukidanganya, unaweza kufukuzwa hata ukiwa mwaka wa mwisho. Vyuo vingi pia havikubali alama za zamani za masomo ya udaktari, hivyo jiandae kuanza mwaka wa kwanza. Kabla ya kulipa chochote, hakikisha chuo kinatambuliwa na baraza la madaktari la nchi unayotaka kufanyia kazi, na kwamba kimo kwenye orodha ya dunia ya vyuo vya udaktari, World Directory of Medical Schools. Jihadhari na mawakala wanaokuambia rekodi yako "haitahojiwa".

Rekodi ya kufeli itanifuata hadi lini?

Itaonekana kwenye nakala ya matokeo, na huenda ukaulizwa unapoomba mafunzo kazini, leseni au ubingwa. Jibu liwe la sentensi chache na la kweli. Wasimamizi wa madaktari wanasamehe kufeli somo kwa urahisi zaidi kuliko kuficha, kwa sababu daktari anayeficha kosa dogo anaweza kuficha dozi aliyokosea.

Fahamu pia kwamba baadhi ya mitihani ya leseni ina kikomo. Marekani, kwa mfano, ilipunguza majaribio ya kila hatua ya USMLE, mtihani wao wa leseni ya udaktari, kutoka 6 hadi 4 mwaka 2021. Kama unapanga kufanya kazi nchi nyingine, angalia masharti yao sasa.

Nitasoma na waliokuwa nyuma yangu. Nitavumiliaje aibu?

Wiki za mwanzo zinauma, hasa ukikutana na wenzako wa zamani wakiwa na makoti meupe wakielekea wodini. Haidumu. Wadogo zako darasani watajali zaidi kama unaweza kuwaeleza mzunguko wa moyo kuliko mwaka uliopaswa kuwa. Usijitenge. Anayejificha ndiye asiyeuliza maswali, na asiyeuliza anaachwa tena.

Na kama moyoni sitaki kurudi?

Sema hivyo, kwanza kwako mwenyewe. Uuguzi, maabara, famasia, afya ya jamii na utafiti si makimbilio ya walioshindwa. Ni fani zinazohitaji watu waliozitaka, na nyingine zitakubali baadhi ya masomo uliyofaulu.

Nimekubaliwa. Wiki ya kwanza nifanye nini?

Mwone mlezi wako wa kitaaluma kabla ya vipindi kushika kasi, umwambie wazi ulichokubaliana na kamati. Pata tarehe za majaribio yote ya muhula na uziweke kwenye kalenda moja. Kamilisha ombi la kuongezewa muda wa mtihani kama unayo haki hiyo. Panga miadi ya daktari au mshauri ya miezi mitatu ijayo kabisa, ukiwa bado na nguvu za kuipanga. Halafu, jioni ya mhadhara wa kwanza, funga noti na uandike unachokumbuka.